Sikufungua Hata Bahasha Moja

Jumatano, 2 Julai

Nimeamka kabla ya adhana. Goti la kushoto lauma, la kulia limenyamaza. Mahamri mawili, mbaazi, kahawa bila sukari. Bomba kavu tena. Nimenunua mitungi minne kwa mwenye mkokoteni, naye kama kawaida amemwaga nusu mtungi mlangoni na kuniambia ni baraka.

Leo siku ya mlango: kila Jumatano mimi na Zuhura twaandikiana kwa simu mlango mmoja wa mtaa wa zamani.

Wa thelathini na saba. Mimi nilikumbuka mbele: mbao za mbambakofi, bawaba ya juu imelegea, baraza fupi ambalo mtu mmoja mnene alilitosha. Zuhura amekumbuka nyuma: kisima, paka kipofu, na mama mwenye nyumba aliyewasuka mabinti wa mtaa mzima na kuwafinya masikio wakitikisika. Haya nisingeyajua. Wanaume hatukuingia uani mwa watu. Bila yeye mtaa wangu ungekuwa nyuso zisizo na migongo.

Imebaki mitano. Mtaa wetu kule Barawa, ng'ambo ya mpaka, kutoka msikitini hadi kwetu, una milango arobaini na miwili. Ulikuwa nayo. Sijui kama bado. Zaidi ya miaka thelathini tangu nitoke.

Wa arobaini na mbili ni wetu, mimi na yeye. Hatujautaja hata mara moja.

Ijumaa, 4 Julai

Naliandika hili wazi, lisije likasomwa vibaya nikifa.

Zuhura alikuwa mke wangu. Hatukuachana. Vita vilipoingia mjini, lori la kwanza lilichukua wagonjwa na wenye kuwabeba, nami nilikuwa na baba mgongoni. Yeye na mamake wangefuata kwa lori la pili. Halikuja. Kambini, hapa Mombasa, mtu mzima aliniapia kwamba alimzika kwa mikono yake. Alimzika mwingine. Yeye naye alingoja miaka minne bila habari yangu, kadhi akaivunja ndoa, akakaa eda, akaolewa na Bwana Muhidini, mtu wa mji wetu, mtu mwema. Wako ughaibuni, mji wa baridi. Nami nilimwoa mamake binti yangu Maimuna, Mungu amrehemu.

Hapana aliyekosa. Jambo lisilo na wa kulaumiwa haliishi.

Mwaka jana niliingizwa kwenye kundi la matanga la watu wa kwetu, katika simu. Mwanamke akatoa pole kwa sauti. Maneno kama kumi hivi. Nilijua ni Zuhura kabla hajamaliza.

Tangu hapo twaandikiana. Milango tu. Hatuulizani ya moyoni. Muhidini hajui. Zuhura alisema si haramu, lakini si jambo la kumtwika mzee mgonjwa. Nilikubali upesi mno. Akija kujua vibaya, tutakuwa tumemvunjia heshima mtu aliyemtunza mke wangu wakati mimi sikuweza. Nami nitaikosa milango. Nitamkosa yeye mara ya pili.

Jumatatu, 7 Julai

Katana amekuja na dhumna yake. Tumepakana ukuta hapa Bofu. Mgiriama, alikuwa mwunganishaji simu bandarini hadi alipostaafu. Amenikuta na daftari.

"Mzee Posta, bado wauchora mji ambao hata panya wake wamehama?"

"Panya hawakuhama. Hawana jamaa ughaibuni."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanifunga mara tatu mfululizo.

Akauliza kama hapana mwingine asomaye haya ninayoandikiana na mtu wangu. Nilimwonyesha maneno yaliyo juu ya ukurasa: ujumbe umefungwa, hapana awezaye kuusoma ila wewe na umwandikiaye. Aliusogeza uso hadi pua ikagusa kioo.

"Hata bandarini tuliandikiwa ukutani. Mazungumzo ni siri."

"Na haikuwa kweli?"

"Kweli tupu. Sikusikiliza hata moja. Cheza, Mzee Posta, wapoteza muda makusudi."

Programu hii aliniwekea Maimuna. Kwanza aliniwekea nyingine, ya watu waangalifu. Hiyo ilitaka neno la siri refu kama wasia, na kila nikilala ilinisahau. Nilivumilia wiki moja. Hii ya pili ilifunguka yenyewe. Iliniomba ruhusa ya kusoma kitabu changu cha namba, nikabonyeza ndiyo. Ilikuwa na adabu. Mimi mtu wa kuvutwa na adabu.

Alhamisi, 10 Julai

Jana tumemaliza wa thelathini na nane. Mshona makubadhi. Mimi harufu ya ngozi, yeye majina ya watoto saba kwa mpangilio wa kuzaliwa.

Mwisho wa ujumbe ameandika: "Wa thelathini na tisa anza wewe. Mimi nakumbuka kilio tu, na hatukuambiwa sababu."

Mimi naijua sababu. Nimeiweka kalamu chini mara mbili leo. Ninayo mpaka Jumatano.

Jumamosi, 12 Julai

Chakula cha mchana. Maimuna ameshika simu kwa mkono mmoja, tonge kwa mwingine. Akaigeuza.

"Baba, nani huyu bibi? Siku ya tatu leo, simu yaniletea. Yasema huenda namfahamu."

Zuhura. Mtandio wa kahawia, miwani. Picha sikupata kuiona. Kwenye mazungumzo yetu ameweka picha ya ua.

"Simjui," nikasema.

Uongo wa kwanza niliomwambia mwanangu tangu azaliwe, nami nilikuwa na mchuzi kidevuni.

Maimuna na Zuhura hawajuani. Hawajaandikiana. Katikati yao niko mimi peke yangu.

Jumapili, 13 Julai

Nimemuuliza kwa kuzunguka. Afundisha kompyuta shule ya upili, na hapendi mizunguko.

"Maimuna."

"Abee, baba."

"Barua iliyopigwa lakiri, nani aisomaye?"

"Aliyeandika na aliyeandikiwa."

"Na mchukuzi?"

Akaweka kisu chini. Alikuwa akikata vitunguu. Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza wanafunzi wa kidato cha kwanza. Kufuli ya programu hii wataalamu wameikagua, ni nzuri. Lakini kila ujumbe hupita kwenye mashine ya wenye kampuni, seva, na msimbo wa mashine hiyo, yaani maandishi yanayoiendesha, hawajamwonyesha mtu. Barua yenyewe mashine haiwezi kuifungua. Lakini lazima ijue yatoka kwa nani, yaenda kwa nani, saa ngapi, mara ngapi. Isipojua, itaifikishaje? Na ikishajua yafanya nini na inachokijua, hapo tuna neno la kampuni tu.

"Basi ndiyo iliyouleta uso wa yule bibi?"

"Labda. Ukurasa wa picha nilikomwona nao ni wa kampuni hiyohiyo. Labda ni vitabu vya namba tu, wamelinganisha cha huyu na cha yule. Siwezi kukwambia, baba. Kufuli tumeikagua. Chumba cha kupangia barua hatujakiingia."

Hakujua alichokisema. Chumba cha kupangia barua mimi nilikikalia miaka kumi na moja, posta ya Barawa.

Jumanne, 15 Julai

Ujumbe wa Zuhura, asubuhi. Naunakili wote.

"Haruni alionyesha picha yako mezani. Simu imemwambia huenda akujua. Aliuliza bila ubaya, alidhani ni ami yake mmoja. Mzee amekutambua. Usiandike mpaka nikwambie."

Haruni ni mwanawe. Muhidini amenitambua, naam. Nani Barawa asiyeijua sura yangu? Kila mtu alisimama mbele ya dirisha langu.

Sikula.

Jumatano, 16 Julai

Leo hakuna mlango. Nimeketi na daftari saa ileile, kwa mazoea.

Basi niandike nililolikwepa.

Posta yetu ilikuwa chumba kimoja na dirisha moja. Gunia laja, nalimwaga mezani, napanga. Miaka kumi na moja sikufungua hata bahasha moja. Naapa. Nilijivunia hilo kuliko sala zangu. Lakini mkono unaopanga barua hujifunza. Nilimjua mwenye mtoto Nairobi asiyeandika. Nilimjua tajiri aliyeanza kuandikiwa na wakili. Mapenzi niliyajua kabla ya wazazi, na kufa kwake nilikujua pia, maana bahasha huwa nyembamba kwanza, kisha haziji.

Mlango wa thelathini na tisa alikaa binti, Batuli. Kila mwezi barua kutoka Adeni, mwandiko mmoja, wino wa kijani. Alikuwa amechumbiwa. Alasiri moja, barazani, nikamtania nduguye: "Wino wa kijani wa Adeni hauishi kwenu." Basi. Sikutaja jina, sikusema neno la pili. Tulicheka wote, hata yeye. Wiki mbili baadaye posa ikarudishwa.

Kilio anachokikumbuka Zuhura ndicho hicho.

Ikaja kujulikana barua ni za mwalimu wake wa kudarizi, bibi kizee aliyehamia Adeni na kumtumia michoro ya kofia. Lakini yalikuwa yamekwisha kuharibika. Batuli hakuja tena dirishani, alimtuma mdogo wake. Hakuposwa tena. Hapana aliyeuliza neno lilitoka wapi. Bahasha zilikuwa na lakiri zao, nzima. Nani angemshuku karani?

Mtu mwingine angesameheka kwa kumsahau mchukuzi. Mimi nilikuwa mchukuzi.

Najaribu kuichukia ile mashine. Siwezi sawasawa. Naijua kazi yake, naijua na raha yake.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemwambia Maimuna. Yote, na Batuli pia. Tulikuwa tumetoka kupakua pilau. Imepoa mezani.

Aliuliza moja tu: "Mama alijua?"

Nikamjibu alijua nilikuwa na mke. Hakujua yu hai, kwa kuwa alitangulia mbele ya haki kabla mimi mwenyewe sijajua. Alizikusanya sahani tupu. Kisha akasema kosa ni lake, angenishikilia na ile programu ya kwanza, aliniwekea hii kwa kuwa alichoka kuitwa kila asubuhi. Nikasema ile ya kwanza ningeitupa kivukoni pamoja na simu. Hakucheka.

Ameosha sahani ambazo hazikutumika. Nimemsikia akiziosha tena.

Jumatatu, 21 Julai

Hakuna.

Programu yanionyesha saa aliyoifungua mara ya mwisho. Saa mbili na dakika kumi asubuhi, saa za kwetu. Yu hai, basi. Nimetazama mara tisa. Ya tisa nikaona aibu: nimerudi kazini. Nahesabu bahasha za watu.

Jumatano, 23 Julai

Hakuna. Mvua ya rasharasha. Goti.

Jumamosi, 26 Julai

Katana. Nimeshindwa kucheza, ameona. Nikamsimulia kwa ufupi, bila jina la mtu. Alikuwa anazipanga dhumna, moja juu ya moja, mpaka zikaanguka.

"Nilikwambia sikusikiliza hata simu moja," akasema. "Ni kweli. Lakini meneja wetu alikuwa akipigia namba moja ya Mkomani mara tatu kabla ya mchana, na mkewe yuko Changamwe."

"Ulimwambia mtu?"

"Mke wangu."

"Katana!"

"Mke si mtu, Mzee Posta, mke ni nyumba." Hakuimaliza kwa kicheko. Baadaye akasema mke huyo aliye nyumba alikuwa akisali kanisa moja na mke wa meneja. Akaanza kuziokota dhumna. Nami nikaokota za upande wangu.

Tuliketi hivyo, makarani wawili waaminifu.

Alhamisi, 31 Julai

Namba nisiyoijua. Ni Muhidini. Naunakili.

"Asalaam aleikum, Karani. Nakuita hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyokujua, dirishani. Zuhura amenipa simu yake mwenyewe, nimesoma milango yote thelathini na minane. Sikuona neno baya. Mmekosea mmoja: wa kumi na tisa ulikuwa wa samawati, si mwekundu, ni kwa mjomba wangu. Lakini mwanangu aliuleta uso wako mezani mbele ya wajukuu, nikawa wa mwisho kujua ndani ya nyumba yangu. Lau mke wangu angenieleza, ningekubali, na pengine ningewasaidia. Simu ilitangulia. Mimi mgonjwa. Siku zilizobaki sitaki zipite nikiitazama simu yake na kujiuliza. Nakuomba, kwa heshima ya mji tuliokula chumvi yake, uache."

Nimeusoma nikiwa nimesimama. Kisha nimeketi, nikausoma kwa miwani.

Mtu mwema. Nilitamani awe mbaya.

Nimejibu: "Waaleikum salaam, Bwana Muhidini. Ni kweli, wa kumi na tisa ulikuwa wa samawati. Nimeacha. Unisamehe."

Nilitaka kuongeza: msalimie. Nimelifuta.

Jumapili, 3 Agosti

Maimuna amekuja na daftari la kurasa mia mbili na kalamu tatu. Twanakili milango kabla hatujaitoa programu. Yeye ashika simu na kusoma, mimi naandika. Tumefika mlango wa kumi na sita. Asoma maneno ya Zuhura kwa sauti ya mamake.

Kwenye paka kipofu ndipo alipocheka. Hatujafika huko, alitangulia kusoma mbele.

"Baba, huyu bibi mcheshi."

"Alikuwa," nikasema. Kisha nikajisahihisha. "Ni."

Jumapili, 10 Agosti

Tumemaliza. Thelathini na minane, na wa kumi na tisa nimeupaka samawati.

Kisha Maimuna ameitoa programu. Iliuliza kama nina hakika. Ikauliza tena. Ilisema ujumbe wote utafutika katika simu hii. Kwao huko, ndani ya mashine, haikusema. Nimemuuliza Maimuna. Ameinua mabega.

Ameenda kuvuka feri kabla ya umati wa jioni. Nimebaki na daftari. Milango iliyobaki nimeiandika peke yangu.

Wa thelathini na tisa. Mbao za mvule, kizingiti kilicholika katikati. Alikaa hapa Batuli, mdarizi. Hakuwa na kosa lolote. Aliyemsema ni mimi, karani wa posta. Uani: sijui.

Wa arobaini. Mlango wa bati, wa mwenye halwa. Uani: sijui. Moshi tu, juu ya ukuta.

Wa arobaini na moja. Mjane na mbuzi wake. Salamu ndefu. Uani: sijui.

Wa arobaini na mbili. Mbambakofi. Rangi ya kijani, niliipaka mwenyewe, vibaya. Komeo la mti kwa ndani. Baraza la watu wawili. Uani: mkomamanga mmoja, jiko upande wa kushoto, kamba ya nguo imefungwa juu mno kwa kuwa aliyeifunga alikuwa mrefu kunishinda, nami nilikuwa nikiifikia kwa kupanda ndoo.

Uani huu naujua.